Kutafuta Historia ya Mji wa Mpanda: Hati, Majina na Masimulizi

Habari za mji wa Mpanda, ziandikwapo kwa ufupi, aghalabu huanza na madini. Husemwa kwamba mawe yenye risasi, fedha, shaba na dhahabu yalionekana huko katika miaka ya 1930. Kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ilifungua machimbo. Kwamba njia ya reli ya kilomita 210 hivi, itokayo Kaliua, ilifika katika mwaka wa 1950. Na kwamba mgodi ulifungwa mwaka wa 1960. Yote hayo ni kweli, lakini ni kweli ya mwenye daftari la hesabu, ambaye kwake nchi huanza siku ile fedha zilipotumika. Mtafiti akiridhika nayo atauona mji kama mzigo ulioshushwa na garimoshi katika pori tupu.

Pori lile halikuwa tupu tangu asili. Vita vya karne ya kumi na tisa, zama za Mirambo, viliwatawanya watu wengi. Kisha, kuanzia miaka ya 1920, serikali ya Kiingereza katika Jimbo la Magharibi iliwahamisha watu kutoka misitu ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili madaktari wapate kupambana na malale. Basi ukiwa waliouona wachimbaji ulikuwa kwa sehemu yake kazi ya maradhi na ya amri. Palipohamwa pana majina, na majina hayo yangali yakikumbukwa na wazee.

Hati zilizo kongwe kuliko mgodi zapatikana kwa wingi. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo katika mwaka wa 1879, na mwaka wa 1885 Mapadri Weupe wakakabidhiwa. Lakini yafaa kutazama ni mambo gani yaliyohifadhiwa na hati hizo. Mwaka ule ule wa 1879 ndovu wanne wa Bara Hindi waliteremshwa Msasani ili wajaribiwe kubeba mizigo hadi Karema. Akafika mmoja tu, naye akafa. Majina ya ndovu hao yameandikwa: Sundergrund, Naderbux, Sosankalli na Pulmalla. Mwezi wa Juni 1880 kiongozi wa msafara huo, Carter, pamoja na mwenzake Cadenhead, waliuawa Mpimbwe katika vita visivyokuwa vyao. Majina yao nayo yamo. Bali wapagazi waliotembea na ndovu hao kutoka pwani, na Wapimbwe waliokufa siku ile, aghalabu hawakuandikwa kwa majina. Kinyume chake ni Adrien Atiman, aliyekuwa mtumwa utotoni huko Afrika ya Magharibi, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka wa 1889, na kutibu watu huko hata kufa kwake mwaka wa 1956. Yeye aliyaeleza maisha yake mwenyewe, na maelezo hayo yakachapishwa katika mwaka wa 1946. Mtu mmoja aliyepewa nafasi ya kusema aonyesha ukubwa wa yale yaliyonyamazishwa.

Ghala ya pili ni majina ya mahali. Katika kata za mji wa leo zimo Mpanda Hotel, Uwanja wa Ndege na Majengo, majina yaliyozaliwa na mji wa wageni na wafanya kazi. Na pembeni yake zimo Kashaulili, Misunkumilo, Nsemulwa na Kawajense, yenye sura ya lugha za wenyeji. Kampuni yenyewe haikuweza kujipa jina bila kuazima jina la nchi, Uruwira. Hata hivyo jina lataka uangalifu. Iko Mpanda, na iko Mpanda Ndogo. Sifa ya udogo yathibitisha kwamba watu walihitaji kupambanua mahali pawili. Haithibitishi ni mahali gani palipotangulia. Atakayekata hukumu kwa jina peke yake atakuwa amejenga nyumba juu ya sifa.

Ghala ya tatu ni vinywa vya watu, na hapa ndipo penye shida kubwa, maana Katavi ni njia panda ya lugha. Kibende na Kitongwe ni jamaa moja. Kikonongo chakaribiana na Kinyamwezi. Kipimbwe na Kirungwa ni ndugu za Kifipa. Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu, aliweka Kibende katika kanda F na Kipimbwe katika kanda M. Kiswahili kiliwaunganisha watu hawa mjini, na ni neema. Lakini kikiwa ndicho lugha pekee ya kuulizia, hulainisha mambo. Mzee akiulizwa habari za "chifu" atajibu habari za chifu. Lakini mtemi wa Wakonongo, mwami wa Watongwe na mwene wa Ufipa si cheo kimoja chenye majina matatu. Kila kimoja kina miiko yake, urithi wake na mipaka yake. Neno la boma lawafanya wote kuwa karani mmoja.

Wala masimulizi si mashahidi wasiohojiwa. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka wa 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, na wengi wao walipata uraia wa Tanzania katika mwaka wa 2014. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katika miaka ya 1980, aliona kwamba wale wa Mishamo waliisimulia historia ya taifa lao kwa namna moja iliyoshikamana, ilhali wenzao waliokaa mjini Kigoma hawakuishikilia hivyo. Msiba ulikuwa mmoja. Makao ndiyo yaliyobadili hadithi. Basi kila simulizi liandikwe pamoja na mahali liliposimuliwa.

Desturi ya watafiti ni kuanza na majalada ya Dar es Salaam na shajara za wamisionari, kisha kwenda Mpanda kutafuta mapambo ya kuongezea. Mpango huo wafaa kugeuzwa. Aanzwe mzee kwa lugha yake, yafuate majina, na mwisho vitabu vya Mabwana Shauri vije kupimwa kwa hayo. Majalada yaweza kungoja. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mgodi ulipofungwa sasa amepita themanini.