Thompson katika A Grain of Wheat: Katili kwa Silika au Zao la Ubeberu?

Suala la chanzo cha uovu wa mhusika ni kongwe katika uhakiki: je, mhusika huzaliwa mwovu, au hufinyangwa na mfumo anaoutumikia? Katika riwaya ya A Grain of Wheat (1967), Ngũgĩ wa Thiong'o analikabili suala hili kupitia kwa John Thompson, ofisa wa kikoloni aliyesimamia kambi ya kizuizini ya Rira.

Thompson hasawiriwi kama katili wa kuzaliwa. Anaanza akiwa msomi wa Oxford anayeamini kwamba himaya ya Uingereza ni wazo la kimaadili lenye uwezo wa kuwaunganisha watu wa rangi zote. Anaazimia hata kuandika kitabu akiite Prospero in Africa. Anwani hiyo, yenye asili yake katika tamthilia ya Shakespeare, ndiyo inayomfichua: katika undugu anaouwaza, Prospero ni mmoja tu, na waliosalia wote ni Caliban. Kwa hiyo wazo lake halikupotoka lilipofika Rira. Mbegu ya mjeledi ilikuwamo ndani yake tangu awali. Mahabusu wanapokataa "kustaarabishwa", kipigo kinageuka kuwa wajibu.

Vifo vya mahabusu wa Rira vinarejelea mauaji ya Hola ya tarehe 3 Machi 1959, ambako watu 11 walipigwa hadi kufa. Mpango wa kuwalazimisha kufanya kazi ulikuwa umeandikwa na kuidhinishwa ofisini kabla ya virungu kuinuliwa. Kisha serikali ikadai kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Ukatili uliotangulia kuandikwa kwa kalamu hauwezi kuelezwa kwa silika ya mtu mmoja.

Hata hivyo, kueleza si kusamehe. Thompson anapohamishiwa Githima anapata wasaa wa kujihoji, lakini anautumia kujihurumia, na Uhuru unapowadia anaondoka bila kutubu. Mfumo ulimfinyanga, ila ukaidi huo ni wake.

Mjadala huu haujafungwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa zaidi ya waathiriwa 5,000 wa mateso ya enzi hiyo, bila kukiri dhima ya kisheria. Msomaji anayemlaumu Thompson peke yake anaunusuru ubeberu, na anayeulaumu ubeberu peke yake anamnusuru Thompson. Usawiri wa Ngũgĩ unawashtaki wote wawili.