Bo-Kaap: Rangi za Nyumba na Hati za Madrasa

Mgeni azuruye Cape Town hupelekwa Bo-Kaap, mtaa wa kale ulio ubavuni mwa Signal Hill, akazione nyumba za waridi, za manjano na za samawati. Huambiwa ya kuwa watumwa walipoachwa huru walipaka rangi hizo kwa furaha. Hadithi hii yapendeza, lakini ushahidi wake ni haba. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834, na waliokuwa watumwa wakabakizwa kwa mabwana zao hata 1838. Ilhali picha za katikati ya karne ya 20 zaonyesha kuta nyingi nyeupe au zilizofifia. Rangi tuzionazo ni za juzi.

La kale hasa ni elimu. Msikiti wa Auwal ulianza mwaka 1794 katika nyumba ya Coridon van Ceylon, mtumwa aliyepata uhuru wake. Imamu wake wa kwanza, Tuan Guru wa Tidore, alikuwa amefungwa na Waholanzi kisiwani Robben, na huko aliandika Kurani nzima kwa kuihifadhi moyoni. Alipofunguliwa alianzisha madrasa.

Hapa msomaji wa Kiswahili hana budi kutua. Wanafunzi wa madrasa za Cape walisema Kidachi cha huko, ambacho ndicho Kiafrikana cha leo, wakakiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa Lamu na Pate walivyoandika Kiswahili. Tatizo lao lilikuwa moja: Kiarabu hakina herufi ya p, wala alama zake tatu za irabu hazitoshi. Wazee wetu mara nyingi waliandika ba, wakamwachia msomaji apambanue mwenyewe. Abu Bakr Effendi, mwanachuoni wa Kikurdi aliyetumwa na Sultani wa Uturuki akafika Cape mwaka 1863, hakuridhika na hayo. Alitafuta alama za kutosha, na kitabu chake, Bayan al-Din, kikapigwa chapa Istanbul mwaka 1877.

Kiafrikana kilipofanywa lugha rasmi mwaka 1925, kilisifiwa kuwa lugha ya Wazungu, na hati hizi hazikutajwa. Mwaka 2019 baadhi ya mahali pa Bo-Kaap palitangazwa kuwa urithi wa taifa. Lakini daftari nyingi za madrasa zimo masandukuni mwa wenyeji, na bei ya nyumba imepanda hata baadhi yao wanahama.