Hundi na Shimesikio: Kenneth Dahlberg katika Kumbukumbu ya Historia

Kenneth Dahlberg (1917–2011), Mmarekani wa Minnesota, alikuwa rubani wa ndege za kivita barani Ulaya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alitunguliwa mara tatu. Mara ya tatu, mwaka 1945, alikamatwa na Wajerumani akawa mfungwa wa vita.

Mwaka 1948 alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kwa shimesikio za Miracle-Ear. Shimesikio za wakati huo zilitumia vali na betri kubwa, hivyo zilivaliwa mwilini. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ilipoingia katika vifaa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilipunguza ukubwa wake pamoja na matumizi ya umeme. Ndipo ikawezekana kutengeneza kifaa kinachokaa sikioni, na kampuni ya Dahlberg ikaitumia fursa hiyo mapema.

Hata hivyo, jina lake huonekana zaidi katika historia ya siasa. Mwaka 1972 ilibainika kwamba hundi ya dola 25,000 yenye jina lake, iliyotokana na michango ya kampeni ya Richard Nixon, iliingizwa katika akaunti ya mmoja wa waliokamatwa Watergate. Dahlberg hakushtakiwa.

Tofauti hiyo inatokana na namna ushahidi unavyohifadhiwa. Hundi ilitunzwa kama kielelezo cha uchunguzi. Shimesikio huchakaa na kutupwa, na aliyerejeshewa usikivu mara nyingi haachi maandishi. Mtafiti anayetegemea nyaraka za serikali pekee atakiona kisa kimoja tu katika maisha ya miaka 94.