Debe la Nguruwe, Yowe la Simba

Bibi yangu mzaa mama alilima mpunga bondeni Rufiji, na kila msimu aliihama nyumba yake huku kwetu Dimani na kuhamia shamba kwa miezi kadhaa. Makazi yake huko yalikuwa dungu: kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo kukwepa maji na wanyama, kimeezekwa nyasi. Kamba zilitoka dunguni hadi kwenye pembe za shamba, na juu ya kila kamba yalining'inia makopo yenye kokoto. Nguruwe akikoroma gizani, bibi alivuta kamba bila kuinuka kitandani. Nguruwe asipokimbia, bibi aligonga debe.

Majirani waliosikia debe waligeuka upande wa pili wakaendelea kulala. Nguruwe, ngedere na ndege, kila mtu alifukuza wake. Yowe lilikuwa la wote: simba, mamba, mtu kuzama, maji kupanda ghafla. Aliyelisikia alilipokea na kulipitisha dungu la pili, na watu walitoka na mikuki na vijinga vya moto. Aliyepiga yowe kwa ajili ya ngedere alisemwa msimu mzima.

Utaratibu huo ulihitaji watu, na historia ya kwetu imewapunguza mara nyingi. Mwaka 1997 mwanahistoria Thaddeus Sunseri alieleza jinsi nguruwe walivyochangia kuzuka kwa Vita vya Maji Maji huko Uzaramo, kaskazini yetu. Serikali ya Wajerumani ilibana uwindaji, wanaume wakapelekwa kwenye mashamba ya pamba, na msako wa nguruwe kwa nyavu uliowatoa wanaume pamoja ukafifia. Wanawake wakabaki na mazao, na nguruwe wakayala. Julai 1905 watu waling'oa pamba Umatumbi, vita vikaanza; Agosti, mganga wa vita hivyo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, akanyongwa Mohoro, humu humu Rufiji.

Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda nchi ya juu. Nyumba zikapanda, mashamba yakabaki chini kwenye rutuba. Wakati wa kilimo watu walirudi madunguni, lakini vitongoji vya kudumu vilivyokuwa karibu havikuwapo tena. Yowe lisilo na wa kulipokea haliendi mbali.

Kati ya 2002 na Aprili 2004 simba mmoja aliua watu zaidi ya 35 Rufiji. Alipouawa alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Mwaka uliofuata Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walichapisha utafiti katika jarida la Nature: tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 Tanzania, na mashambulizi mengi yalitokea majira ya mavuno. Nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na binadamu amelala hapo hapo akilinda. Bibi hakusoma jarida lolote, ila alijua kwamba nguruwe anayetimua mbio kabla kamba haijavutwa amekimbia kitu kingine. Hapo ndipo aliposhika mkuki.

Leo kamba zetu ni simu. Aprili 2024 mto ulipofurikia mashamba ya Rufiji na Kibiti, vijana wa kujitolea walifungua kundi la kupashana habari za maji. Baada ya siku chache tu kundi likajaa video za mafuriko ya miaka mingine, sauti zilizosambazwa bila jina la msemaji, dua na bei za korosho. Wengi wakazima mlio, na mwenye habari ya kweli akawa anagonga debe.

Wazee waliowahi kulala madunguni ndio waliopendekeza dawa. Habari za kawaida ziandikwe, na mwandishi aseme ameona nini, wapi, saa ngapi. Maji yakipanda, mtu wa upande wa juu apige simu, naye aliyepigiwa ampigie wa chini yake mpaka habari ifike mashambani. Kisha ikaja zamu, maana wanaojitolea nao huchoka: wawili wakeshe, wengine walale. Vijana walidhani kulala ni uzembe. Mzee mmoja akawauliza yowe likipigwa alfajiri, nani atatoka mbio kama wote wamekesha wakisikiliza makopo.