Wauguzi wa Mifugo wa Kamina na Shahada Iliyocheleweshwa

Mji wa Kamina, ambao leo ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, hutajwa aghalabu kwa mambo mawili, nayo ni njia panda ya reli na kambi kubwa ya kijeshi iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Vikuu vya Pili. Na ni wachache wanaokumbuka kwamba mbuga zinazouzunguka mji huo zimekuwa, tangu zama za wakoloni, miongoni mwa malisho makubwa ya ng'ombe katika Kongo nzima, na kwamba ng'ombe hao waliishi kwa mikono ya watu walioshika sindano, kipimajoto na vioo vya kupimia damu miaka nenda miaka rudi, pasi na serikali yoyote kuwapa elimu iliyolingana na kazi yao. Vijana wa Kamina wanaouliza leo ni wapi mtu aweza kusomea uuguzi wa mifugo hata akapata shahada wanastahili kujibiwa kwa tarikhi, kwa maana mlango wanaoubisha haukufungwa jana.

Waluba, wenyeji wa nchi hii tangu enzi za dola yao ya kale, hawakuwa wafugaji wa ng'ombe. Walifuga mbuzi, kuku na mbwa wa kuwindia, na kitoweo chao kilitoka zaidi katika samaki wa mto Lualaba na maziwa ya Upemba, na katika nyama ya porini. Sababu haikuwa uvivu, kama walivyopenda kudai baadhi ya watawala, bali ilikuwa mbung'o, yule nzi ambaye popote alipotamalaki ng'ombe alikonda, akatoka machozi, akaanguka. Mwaka 1895 huko Zululand daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alithibitisha kwamba maradhi hayo ya nagana yanatokana na kijidudu kilichomo katika damu. Mwaka 1904 Alphonse Broden, akifanya kazi katika maabara ya Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, alieleza kijidudu kingine cha jamii hiyo, ambacho hata leo kinaitwa Trypanosoma congolense. Na baina ya 1910 na 1912 Jérôme Rodhain pamoja na wenzake, mmoja wao akiwa mtaalamu wa wadudu Joseph Bequaert, walikuja Katanga na tume ya kisayansi, wakafanya kazi Bukama na Sankisia, katika nchi hii hii ambayo sasa ni Haut-Lomami, wakichunguza mbung'o na damu ya wanyama. Kwa hiyo elimu ya maradhi ya mifugo ilifika huku kabla ya mifugo yenyewe kufika kwa wingi, jambo ambalo si la kawaida katika tarikhi ya Afrika.

Kilicholeta ng'ombe kilikuwa tumbo la mchimba madini. Reli kutoka Rhodesia iliingia Élisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, mwaka 1910, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ikawa na maelfu ya wafanyakazi waliohitaji posho ya nyama, nayo nyama hiyo ikanunuliwa ng'ambo ya mpaka, ambako wafanyabiashara kama kina Susman wa Livingstone walikuwa wakiswaga makundi kutoka Barotse. Mwaka 1915 homa ya mapafu ya ng'ombe ikalipuka katika nchi hiyo ya Barotse, biashara ikasimamishwa, na watu wa migodini wakatambua kwamba maradhi ya mnyama wa mbali yaweza kukata riziki ya mtu aliye karibu. Edmond Leplae, aliyeshika idara ya kilimo ya koloni tangu 1910, alikuwa amekwisha kujaribu kuwaleta wakulima wa Kibelgiji wakae Katanga kwa mashamba na mifugo. Jaribio hilo lilianguka, na mahali pao wakaja wenye mitaji.

Hapo ndipo Kamina inapoingia katika hadithi. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ya kutoka Bukama kupita Kamina hata Port-Francqui, mji uitwao leo Ilebo, ikazinduliwa mbele ya Mfalme Albert. Palipo na reli, ng'ombe aweza kusafirishwa akiwa hai hata machinjioni, bila ya kuswagwa majuma mazima katika mapori ya mbung'o. Kampuni ya Elakat ilikwisha kuundwa mwaka 1925 kwa ajili ya kufuga na kulisha Katanga. Na katika mbuga za Kamina na Kaniama yakastawi makampuni mengine, ambayo majina ya warithi wake, kama Pastorale du Haut-Lomami na Grelka, yangali yakisikika kila panapozungumzwa nyama ya Lubumbashi.

Sasa na tuwatazame watu wenyewe. Daktari wa mifugo wa Kibelgiji, aliyesomea Cureghem katika mji wa Brussels, alipewa eneo ambalo lau lingekuwa kwao Ulaya lingegawiwa madaktari kadhaa wa kadhaa, na hakuna njia yoyote ambayo angeweza kulihudumia ila kwa kuwafundisha wenyeji. Ndivyo walivyopatikana wasaidizi ambao daftari za serikali ziliwaita infirmiers vétérinaires, wauguzi wa mifugo, chini yao wakiwapo walinzi wa mifugo, na ambao watu wa Katanga waliwaita tu waganga wa nyama. Wengi wao walijifunza kazi wakiwa kazini, kwa kutazama, kwa kukaripiwa na kwa kurudia.

Mtu asidhani kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Alfajiri, kabla ya kundi kutoka zizini, muuguzi alipita akimtazama kila mnyama jinsi anavyosimama, anavyopumua, na kama manyoya yamelala au yamesimama. Aliyemshuku alimtia kipimajoto, akamtoboa mshipa wa sikio, akapaka tone la damu juu ya kioo, akalikausha na kulitia rangi ya Giemsa, kisha akakaa mbele ya hadubini kutafuta kijidudu chembamba kinachojipinda baina ya chembe za damu, au vitone vya ndigana vilivyojificha ndani ya chembe hizo. Siku za josho alisimamia ng'ombe wakirushwa mmoja mmoja katika maji ya dawa ya kuua kupe, nayo katika miaka ile ya awali ilikuwa arseniki, sumu ambayo ikizidi kipimo huua ng'ombe, ikipungua huwaacha kupe salama, na ikimwagika huweza kumdhuru mtu. Kupima nguvu ya maji hayo ilikuwa amana yake. Kwenye machinjio alichana ulimi, moyo na misuli ya taya kutafuta mabuu ya tegu, akakagua mapafu kwa kifua kikuu, akaamua kipi kiende sokoni na kipi kizikwe. Fauka ya hayo aliandika, kwa maana kila mzao, kila kifo na kila chanjo ilitakiwa daftarini.

Dawa mpya za nagana zilipokuja, dhima yake ilizidi. Antrycide ilitangazwa mwaka 1949, na Berenil ikafuata 1955, na tangu hapo uhai wa kundi zima katika nchi ya mbung'o ulitegemea mkono wa anayechoma sindano: akimkadiria mnyama uzito chini ya ulivyo, dawa haitoshi, kijidudu hubaki na hujifunza kuistahimili. Daktari aliyepita mara chache kwa mwaka hakuweza kulizuia kosa hilo. Aliyeweza ni muuguzi.

Ilikuwaje basi mtu wa namna hii asipewe elimu kamili? Si kwamba Wabelgiji hawakujua kujenga shule. Kisantu, katika Kongo ya Chini, taasisi ya FOMULAC ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wasaidizi wa matabibu, na mwaka 1932 ikazaliwa CADULAC kwa ajili ya kilimo. Kule Ruanda-Urundi, nchi ya ng'ombe hasa, Groupe Scolaire d'Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya Mabruda wa Charité, ilikuwa na tawi la wasaidizi wa udaktari wa mifugo, na waliohitimu huko walivaa heshima ambayo muuguzi wa Kamina hakuionja. Ama katika Haut-Lomami palikuwapo elimu ya hali ya juu, lakini haikuwa kwa ajili ya wenyeji: taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC, iliyoundwa 1933, ilifanya utafiti Kaniama, na baadaye watafiti Focan na Mullenders walitoa ramani ya udongo na mimea ya huko, iliyo ya kwanza katika mfululizo wa ramani za koloni nzima. Ajabu iliyoje! Nchi ambayo kila aina ya nyasi yake ilikwisha kupewa jina la Kilatini haikuwa na darasa hata moja la juu kwa ajili ya mtu anayemtibu ng'ombe alaye nyasi hizo. Mimi nasema hili halikuwa sahau, bali lilikuwa hesabu ya watu waliotaka mikono pasi na vyeti, kwa kuwa cheti hudai mshahara.

Vyuo vikuu vilikuja usiku wa manane. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Serikali kikaanza Élisabethville mwaka 1956, miaka 4 tu kabla ya uhuru. Serikali ya Mobutu ilipoviunganisha vyuo vikuu vyote mwaka 1971 kuwa chuo kimoja, UNAZA, udaktari wa mifugo uliwekwa Lubumbashi, na ukabaki huko hata baada ya muungano huo kuvunjwa mwaka 1981. Hivyo kijana wa Kamina akawa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni masomo ya sekondari ya ufundi wa mifugo, ambayo mwisho wake ni diploma ya serikali, daraja iitwayo A2. Ya pili ni safari ya kadiri ya kilomita 600 kwa reli hata Lubumbashi, akasome miaka 6 kuwa daktari. Baina ya ngazi hizo mbili pana nafasi pana mno, na kazi yote niliyoieleza hapo juu, ya damu na josho na machinjio, iko ndani ya nafasi hiyo.

Wakati huo huo msiba ukayapata makundi yenyewe. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatatwaliwa na wananchi. Malisho mengi yakaangukia mikononi mwa watu waliomjua ng'ombe kwa bei yake ya nyama peke yake, wakachinja hata majike ya mbegu, majosho yakakauka. Ukaja uporaji wa 1991 na 1993, na vita vya 1998. Walioyabakiza masalio ya mifugo katika nyakati hizo, kwa dawa za kubahatisha na mshahara usiofika, hawakuwa madaktari, ambao idadi yao ilikuwa ndogo daima, bali ni watu wa A2 na wazee waliofundishwa na Wabelgiji.

Tukitazama ng'ambo, tutaona jambo la kustaajabisha. Uingereza, ambayo leo inatajwa kuwa mama wa uuguzi wa mifugo, ilianza kuwaandikisha wasaidizi hao rasmi mwaka 1961, chini ya Chuo cha Kifalme cha madaktari wa mifugo, na shahada za vyuo vikuu katika fani hii zilikuja huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Waganga wa nyama wa Katanga walikuwa wakisoma damu kwa hadubini miaka mingi kabla ya hapo. Tofauti ni kwamba Waingereza, walipokwisha kuitambua kazi, waliipa mtaala, mtihani na daraja. Sisi tuliitambua kwa kuitumia tu.

Zipo hoja za wanaoipinga shahada ya uuguzi wa mifugo, nazo zisipuuzwe. Wako wasemao kwamba nchi yenye uhaba wa madaktari haina haja ya wauguzi wenye shahada, na kwamba muuguzi msomi atajifanya daktari. Hoja ya kwanza inajipinga yenyewe, kwani uhaba wa madaktari ndio uliomzaa muuguzi tangu mwanzo. Na ya pili huponywa na sheria inayobainisha mipaka ya kila mmoja, wala haiponywi na ujinga. Tena maradhi hayangoji. Mwaka 2012 sotoka ya mbuzi na kondoo iliikumba Kongo ikatia hatarini mbuzi wengi, nao mbuzi ndio akiba ya Mluba wa kijijini. Mdondo hufagia kuku kila mwaka. Na kichaa cha mbwa kinaua watoto ambao chanjo ya mbwa ingewaokoa. Mtu wa kuwachanja wanyama hao katika Kabongo na Malemba-Nkulu, humu humu Haut-Lomami, si daktari atakayetoka Lubumbashi.

Nafasi imepatikana. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingizwa katika mpango wa LMD, ambao shahada yake ya kwanza ni miaka 3 na krediti 180, kipimo kinachoufaa uuguzi wa mifugo kuliko miaka 6 ya udaktari. Kamina ina Chuo Kikuu chake, UNIKAM. Ina malisho ya kufanyia mazoezi ambayo Kinshasa haina. Na Lubumbashi ina kitivo cha udaktari wa mifugo chenye walimu wanaoweza kuazimwa. Wenye kushika madaraka ya elimu ya juu, Kinshasa na Kamina, wanaombwa waiandike shahada hii katika mpango wao, waanze na wale wa A2 ambao tayari wako kazini. Na makampuni ya ng'ombe yanaombwa yawafungulie wanafunzi majosho, maabara na daftari zao.