KARIAKOO: JINA HILI LILITOKA WAPI?

Kina mama wenzangu, fedha tunazokopeshana humu kikundini nyingi huishia Kariakoo. Wa vitenge anafuata mzigo Kariakoo, wa vyombo vivyo hivyo. Lakini jina lenyewe si la Kizaramo wala la Kiarabu. Ni Kiingereza kilichopita midomoni mwa wazee wetu: Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Neno la pili Waingereza hulitamka “koo”, basi ikawa Kariakoo.

Wajerumani ndio walioanza kujenga soko mahali pale. Vita Kuu ya Kwanza ikaingia, na Septemba 1916 Waingereza wakauteka mji wa Dar es Salaam. Jengo likageuzwa kambi ya wapagazi. Barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo, kwa hiyo unga, risasi na majeruhi vilibebwa na watu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Hata kwa hesabu ya Waingereza wenyewe walikufa zaidi ya 40,000, na walioua zaidi si maadui bali kuhara damu, malaria na chakula kibaya. Aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, akaupika haraka haraka baada ya safari, ukabaki mbichi. Mama anayejua kusonga ugali anaelewa tumbo linafanywa nini na unga usioiva!

Na kambi haikuwa moja. Nairobi nako ilikuwepo, ndiyo maana wana Kariokor yao, soko la vyondo. Unguja pia ipo Kariakoo, uwanja wanakopelekwa watoto sikukuu ya Idd.

Baada ya vita, kambi yetu ikawa soko. Jengo kubwa tulijualo, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, likaungua Julai 2021. Siku hizi hata Simba na Yanga wakikutana tunasema ni dabi ya Kariakoo.

Pale Posta ipo Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927. Aliyesimamishwa juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi. Nairobi afadhali, mpagazi naye amesimamishwa.

Wengi wa waliokufa hawakuandikwa popote. Mwanachama ambaye kwao linatajwa jina la mzee aliyekwenda upagazi asirudi, ampe katibu wetu, aliandike kwenye daftari letu.