Kamba Iliyopigwa Marufuku

Mwishoni mwa miaka ya 1930, kampuni ya Hamilton ya Two Rivers, Wisconsin, ilikuwa na mashine ya kukausha nguo iliyofanya kazi vizuri, ila kwa sura lilikuwa sanduku tu. Msanifu Brooks Stevens akashauri mlango uwekwe kioo, na dukani ndani yake zizungushwe chupi za kiume zenye rangi za kupiga kelele. Mashine ikaitwa June Day, yaani siku ya Juni, mwezi wa jua kali huko Marekani. Chombo cha kumpumzisha mtu na jua kikauzwa kwa jina la jua.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Mnamo 1800 hivi, Mfaransa aitwaye Pochon alitengeneza pipa la chuma lenye matundu, likizungushwa kwa mkono juu ya moto. Nguo zilitoka zikinuka moshi, na mara nyingine zimeungua. George T. Sampson, Mmarekani Mweusi wa Dayton, Ohio, alikuwa na busara zaidi. Hataza yake ya tarehe 7 Juni 1892 ilikuwa ya fremu za kutundikia nguo karibu na jiko. Jiko lilikuwa linawaka hata hivyo, kwa hiyo joto lake halikugharimu kitu.

Mashine za umeme ziliisahau hesabu hiyo. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula takriban theluthi mbili za uniti ya umeme. Nguo zikiingia na lita tatu, uniti mbili zimekwenda kabla ya kuhesabu joto linalotupwa nje kwa bomba. Ndiyo maana kuzikamua sawasawa kwenye mashine ya kufulia huokoa umeme mwingi: kuyatoa maji kwa mzunguko ni rahisi mno kuliko kuyachemsha.

Ulaya ilipata dawa miaka ya 1990: pampu ya joto, kifaa kinachofanya kazi kama friji, kikiyanasa maji na kulirudisha joto kwenye nguo. Umeme hupungua kwa nusu hivi, ingawa bei huwa juu na kazi huchukua muda mrefu. Uswisi iliruhusu mashine za aina hiyo pekee kuanzia 2012. Umoja wa Ulaya ukafuata Julai 2025.

Marekani mambo yalikwenda kwa vituko. Vyama vya wenye nyumba katika mitaa mingi vilikataza kamba za nguo, eti zinashusha hadhi na bei ya nyumba. Kuanika na kuanua, kazi za kila siku uswahilini, zikawa kosa. Florida ilitangulia kuilinda kamba kwa sheria. Vermont na Maine zikafuata 2009, Hawaii 2010. California iliwaruhusu wapangaji kutumia kamba mwaka 2015, wakipata kibali cha mwenye nyumba. Sheria hiyo ikaongeza kwamba roshani, yaani baraza ya ghorofani, haihesabiwi kuwa kamba.